Donge la Unga

Siku hizi watoto hawachezi, huvishwa kofia. Kila asubuhi Salha, mwenye miaka mitano, hukalishwa kwenye kiti cha chekechea, mikono ikalazwa mapajani, na kofia ikamfundisha akilini kila kitu: kuruka kamba, kufinyanga, hata kupanda mti. Cheti chake cha kuruka kamba kimetundikwa sebuleni.

Jumamosi bibi yake, Mwanakombo, alikuwa akikanda unga wa chapati. Akakata donge, akamwekea mjukuu kiganjani.

“Haya mama, kanda.”

“Kukanda nishafaulu, bibi,” Salha alijibu kwa maringo. Lakini donge lilimponyoka, likaanguka sakafuni. Vidole havikujua hata kukunjika.

Mwanakombo akaketi mkekani, akaishika mikono ile midogo ndani ya yake, akakanda nayo taratibu mpaka vidole vikaanza kubonyeza vyenyewe. Salha akaangua kicheko. Bibi machozi yakamlenga.

Ghafla mtoto akaificha mikono nyuma ya gauni.

“Bibi, mikono inataka tena,” alinong'ona. “Usimwambie mwalimu. Ataizima, kama alivyoizima ya mwenzangu Thuwaiba.”