Kitufe Chekundu

Mheshimiwa Lyman Oberholt alibonyeza kitufe chekundu kwa siri, na lifti ya bunge la jimbo ikakwama katikati ya ghorofa mbili. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

"Kumetokea nini tena?" aliuliza Nettie Pruett, mwandishi wa gazeti la mji wao, aliyemfuata humo ndani.

"Lifti za zamani hizi, Bi. Nettie. Tusubiri tu."

Mtu mzima na mvi zake, anadanganya! Lakini angefanyaje? Usajili wa wagombea ubunge ulikuwa unafungwa saa kumi na moja kamili, na wilaya yake ya uchaguzi, ya kumi na tisa, haikuwa na mpinzani hata mmoja. Siku nzima alimkwepa huyu mama korido hadi korido, na sasa amejifungia naye mwenyewe.

"Wodi ya wazazi ya hospitali yetu," Nettie alisema. "Kule nyumbani uliapa umepiga kura isifungwe. Nimeziona kura za kamati."

Habari hiyo ingetoka sasa, mtu yeyote angekimbilia kujiandikisha.

"Nyinyi waandishi! Miaka kumi na miwili mnanichimba tu, jema langu hamlioni. Kama kazi hii rahisi, njooni muifanye!"

Nettie alitazama saa. "Hujanijibu."

"Nikujibu ili uniandike?"

"Nikuandike wapi? Gazeti limefungwa Ijumaa. Hata kompyuta wamebeba."

Oberholt alimkagua. Kweli, hana daftari wala kinasa sauti. Kashika bahasha tu, na miguuni viatu vya kanisani. Raha iliyompata! Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Basi sikia, nilipiga kura ifungwe. Wakulima wa viazi wangapi kule bado wanazaa? Wakajifungulie mji mkubwa."

"Ni maili tisini, Lyman. Kwenye theluji."

"Haya, kamwambie nani sasa?" Akakivuta kitufe, lifti ikashtuka, ikaanza kushuka. Zilikuwa zimebaki dakika nne. "Unashukia wapi, mama? Leo mimi ndiye dereva wako."

"Ghorofa ya pili."

Mlango ulifunguka. Nettie akaenda moja kwa moja hadi kwenye dirisha la usajili, akatoa fomu ndani ya bahasha.

"Wilaya ya kumi na tisa," alimwambia karani. "Nimewahi?"