Shavu la Mtoto wa Milembe

"Si jino, mama," daktari alimwambia Milembe, akilipapasa shavu la mtoto lililotuna kama ameficha kiazi mdomoni. "Ni saratani. Kuna kirusi kinachoenea kwa mate, karibu sote tunacho. Malaria ikimrudiarudia mtoto, kinaweza kuzaa saratani hii. Inatibika, ila inakua mbio. Ndiyo maana miezi mitatu iliyopita nilimpa baba yake rufaa ya Mwanza."

Siku hiyo ya rufaa mumewe alirudi kijijini Sola na mng'oa meno, majirani wakajaa uani kumpa mtoto pole.

Milembe alimgeukia mumewe aliyekaa kando yake. "Ulijua?"

"Mama yangu alisema watu wakisikia saratani, watatusema."

"Ukaona heri umng'oe mwanangu meno mazima!"

Akampakata mtoto upya. "Daktari, hapo pa jina la mzazi kwenye fomu ya rufaa, futa la huyu."