Sare za Watu Arobaini

Mwenyekiti wa mtaa alitua jora la kitambaa juu ya cherehani yangu, barakoa ikiwa kidevuni.

"Fundi, sare za wanawake arobaini. Binti yangu anaolewa Jumamosi."

Macho makavu! Miezi miwili nimejifungia ndani kwa amri yake ya korona. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyesimama mlangoni: wazikaji watano tu. Sisi ndugu ni saba. Wadogo zangu wawili walimzika mama kwa simu.

"Arobaini?"

"Aa, dada yangu, msiba na harusi ni vitu viwili."

Nikashika mkasi. Nikakata kitambaa cha magauni matano, jora lililobaki nikamrudishia kifuani.

"Nani abaki nyumbani, mheshimiwa, chagua mwenyewe. Mimi nilichagua."