Nyumba Iliyobaki

Kwenye kompyuta ya ofisi ya ardhi Kyela, ndani ya programu huria ya ramani, nyumba zote za Busale zilishapata majina, isipokuwa moja.

“Mama Tupokigwe, hii ya nani? Ikikosa jina itahesabiwa pori,” alihimiza bosi wake, mgeni kutoka Bukoba.

Mama Tupokigwe aliondoa vidole kwenye kibodi. Nyumba hiyo ilikuwa ya baba mkwe wake, na mkamwana wa Kinyakyusa hatamki jina la mkwe, sembuse kuliandika.

Dirishani kikasikika kikohozi anachokijua. Upesi akajifunika kanga usoni, kwani mkwe na mkamwana hawatazamani.

Mzee alikuwa amesimama nje, amewapa mgongo.

“Bwana Ardhi, mwambie huyo mwanangu aandike Babu Tupokigwe. Siku hizi ndilo jina langu.”