Hoteli ya Matairi

Gari la mzee Taavetti halikuwepo uani. Outi alisimama dirishani na nguo za kulalia, akalikodolea macho lile pengo kwenye theluji, na usingizi wote ukamruka.

"Haiwezekani," akasema peke yake. "Jamani, haiwezekani!"

Alikuwa na sababu. Matairi ya baridi ya mzee huyo, baba yake, yale yenye misumari midogo ya kung'ata barafu, aliyaficha yeye mwenyewe. Mzee ana miaka themanini na mbili, macho yameanza kumtupa mkono, na msimu uliopita alilivaa sanduku la barua la jirani mchana kweupe. Kumwambia aache kuendesha ni kutafuta ugomvi wa mwaka mzima. Kwa hiyo Outi aliyapeleka kwenye hoteli ya matairi kule mjini Kuusamo, karakana inayoyatunza mpaka msimu wake ufike, na msimu ulipofika akaanza kupiga chenga. Leo foleni ndefu, kesho fundi anaumwa.

"Hoteli!" mzee alikuwa akifoka. "Mimi tangu nizaliwe sijalala hotelini, matairi yangu ndiyo yanakula starehe!"

Lakini hakutoka na yale ya kiangazi yaliyobaki garini. Hapo ndipo Outi alipomweza. Taavetti aliendesha malori ya magogo maisha yake yote, na kila theluji ya kwanza ikianguka alikuwa na wimbo mmoja tu: anayeendesha na matairi ya kiangazi kwenye barafu ni muuaji, hana tofauti na mlevi. Mpira wake baridi ikiupiga unakuwa mgumu kama sahani. Breki unakanyaga, gari linakwenda linakotaka lenyewe. Outi aliusikia wimbo huo tangu miguu yake haijafika kwenye pedali. Mtu wa hivyo atabaki nyumbani tu, alijiambia.

Na leo ametoka. Basi akili ndiyo inamhama. Outi hufanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na amewaona wakianza hivi hivi: kwanza wanasahau lile wanaloliamini kuliko yote. Roho ikamuuma, na hasira juu yake. Kisha akakumbuka leo ni Alhamisi. Supu ya njegere! Mzee amekwenda kwenye ukumbi wa kijiji, ng'ambo ya mteremko wa Kirkkovaara, kunywa supu na wenzake kama kila Alhamisi.

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Alivaa koti juu ya nguo za kulalia, akapangusa theluji kwenye kioo cha mbele tu, akawasha gari lake.

Pale getini likamtelezea hadi likataka kulala ubavu. Outi akashika usukani kwa nguvu. Mungu wangu, ikiwa mimi nateleza hivi, mzee atakuwaje?

Jirani yao Reino alikuwa barabarani anazoa theluji. Outi akateremsha kioo.

"Umemwona baba?"

"Kapita muda si mrefu. Nikadhani ni wewe, magari yenu hayo kama mapacha. Kanyooka utafikiri treni!"

"Reino, ana matairi ya kiangazi."

"Nani, Taavetti?" Reino akaegemea koleo lake akacheka. "Acha utani, mama. Huyo hata toroli angelifunga misumari."

Outi hakuwa na muda wa mzaha. Akaondoka, gari likihangaika kwanza kutoka pale liliposimama. Kwenye njia panda alikanyaga breki mapema kabisa, na bado akapitiliza. Barafu gani hii ya leo? Miaka yote hajaona utelezi kama huu. Akapunguza mwendo, halafu akaona kupunguza ni kumchelewea mzee, akaongeza tena. Macho yake yalikuwa mtaroni. Kila kichaka cheusi kando ya njia alikiona gari limebiruka.

Ni mimi, alikuwa akisema kwa sauti sasa. Nikimkuta ameumia ni mimi niliyemponza. Ningempa matairi yake. Agonge masanduku yote ya barua ya kijiji hiki, lakini awe hai. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa koti.

Simu ikaita alipokuwa anafika kileleni Kirkkovaara. Ni mzee. Outi akabonyeza spika huku pua ya gari ikianza kuinama.

"Baba! Uko wapi? Umeumia?"

"Niumie na nini, na supu? Simu imelia mpaka watu wananitazama. Unajua fika siigusi nikiwa nyuma ya usukani."

"Baba, umeondoka na matairi ya kiangazi! Unataka kujiua?"

Mzee akaangua kicheko, kile chake cha zamani, cha mtu mwenye akili zake zote.

"Mimi? Taavetti huyu? Mwezi wa kumi na moja? Mwanangu, unanitukana."

Huko chini, kwenye kona, taa za lori la magogo zikachomoza, linapanda. Outi akapeleka mguu kwenye breki.

"Nimefunga ya kwako," mzee akasema. "Asubuhi, ulipokuwa unakoroma. Yangu ya kiangazi nimeyafunga kwenye gari lako, yapumzike kidogo mpaka nirudi. Wewe lala tu, mama."