Kuponi ya Ukurasa wa Ishirini

"Hiyo nayo tupa," alisema Peverell, na kuponi ya kura, ya mia nne na kitu tangu asubuhi, ikaingia kwenye gunia la takataka.

Maureen, karani wa ofisi, aliitazama kabla ya kuiachia. Ilikuwa imechorwa kwa rula na wino wa buluu kwenye karatasi ya daftari, mstari wa jina upo, wa anwani upo. Kwenye nafasi ya hadithi bora, mtoto mmoja wa mji wa Rotherham, kaskazini, alikuwa ameandika: Nobby Tranter. Ya pili, Nobby Tranter. Ya tatu, Nobby Tranter.

"Kanuni ni kanuni," alisema Peverell. "Kuponi ikatwe kwenye gazeti. Hawa hawanunui, wanaazima kwa jirani, halafu wanataka kupiga kura. Vibaka wadogo."

Julian Peverell alikuwa mhariri mpya wa Kishindo, gazeti la katuni lililotoka London kila Ijumaa. Alikuwa amesoma Oxford, na ukikaa naye dakika tano utaambiwa. Hadithi za mpira zilimtia kichefuchefu. Miezi miwili tu tangu aingie, alikwisha kulipanga gazeti upya kwa mkasi na gundi, bila kumuuliza mtu. Kuponi aliihamishia pembeni mwa ukurasa wa ishirini, ikatike kwa urahisi. Hadithi ya Maroboti wa Zohali akaiweka mbele. Nobby Tranter, shujaa wa mpira aliyekaa ukurasa wa kwanza miaka kumi na minane, alisukumwa hadi wa kumi na tisa. Kisha akatangaza kwamba hadithi itakayoshika mkia kwenye kura za Oktoba itafutwa.

Aliyekuwa akimwandika Tranter miaka yote hiyo alisimama dirishani na kikombe cha chai iliyopoa. Aliitwa Len Garside, na jina lake halikuwahi kuchapwa mahali popote, kwa kuwa magazeti hayo hayakuwataja waandishi. Tranter akifutwa, Garside naye amekwisha.

"Hivi, mzee Len," alisema Peverell, "mtu mzima unakaa chini unaandika haya? Jamaa anapakia makaa wiki nzima. Jumamosi anacheza winga ya kushoto, dakika ya mwisho anafunga. Miaka kumi na minane, dakika ya mwisho! Na jukwaani hakosi bwana mmoja wa kofia anayepayuka, 'Tazama, anapiga kwa kushoto!' Kwani wenzake vipofu?"

"Wenzake wanaona, bosi. Msomaji ndiye hayupo uwanjani. Yule wa kofia anamwingiza bila kiingilio."

"Maskini."

"Zamani hadithi za mpira zilikuwa za watoto wa shule za kitajiri," alisema Garside. "Wanacheza, wanaoga, wanakunywa chai. Sisi tukampa mtoto wa mpakia makaa mtu anayefanana na baba yake. Na kila Ijumaa, picha ya mwisho, tunamwachia mpira hewani, asubiri siku saba. Nenda kaskazini ukaone. Wanayo magazeti chini ya vitanda, mwaka juu ya mwaka, hayana hata kunjo."

"Hayana kunjo, na hayana kura," alisema Peverell, akacheka peke yake.

Maureen aliinua karatasi nyingine. "Huyu ameandika na barua, bosi. 'Bwana Mhariri, samahani nimechora. Ile yenyewe siwezi kuikata.'"

"Kwao hawana hata mkasi. Ndio mashabiki wako hao, mzee Len. Tupa."

Hesabu ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Maroboti wa Zohali, kura mia mbili na kumi na mbili. Nobby Tranter, mkiani, kura tisa. Garside aliomba zihesabiwe tena, na Maureen, aliyempenda mzee yule, alizihesabu polepole, moja moja, majina juu. Zilikuwa tisa.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema Peverell. "Si ndivyo mnavyosema nyinyi watu wa mpira?"

Garside alifunga kifuniko cha taipureta yake, akavaa koti, akampa mkono Maureen peke yake. Miaka kumi na minane ya mtu ilishuka ngazi ikiwa na taipureta kwapani, na yule msomi hakusimama hata kwa adabu. Alikuwa ameshika simu, anawaambia wachapaji waweke tangazo kwenye jalada: HABARI KUBWA, MARAFIKI! Katika magazeti hayo, maneno hayo siku zote yalimaanisha kwamba kuna kitu kimekufa ndani.

Sasa ilibaki bahati nasibu. Mpiga kura mmoja angezawadiwa mpira wa ngozi, jambo ambalo Peverell aliliona ni upuuzi wa mhariri aliyemtangulia, lakini lilikwisha ahidiwa. Maureen alizimimina kuponi halali kwenye kofia, akazichanganya.

"Tumpate huyo mpenzi wa maroboti," alisema Peverell. Alifumba macho, akachota moja, akaiweka mezani. "Nani huyo? Soma jina."

Maureen hakusoma. Kuponi ilikuwa imelala kifudifudi, na upande ule hapakuwa na jina. Palikuwa na buti la kushoto la Nobby Tranter, limekatwa kwenye kifundo, na mbele yake nusu ya mpira uliokuwa hewani.

Peverell akachota nyingine, akaigeuza. Buti, na nusu ya mpira. Akaikung'uta kofia yote juu ya meza. Nyuma ya kila moja palikuwa na kipande kile kile cha ukurasa wa kumi na tisa, picha ya mwisho ya Tranter.