Kifungo cha Mkufu

Mzee hakuuliza dhahabu ilikuwa ya kiwango gani. Alichukua mkufu mmoja mmoja kutoka kwenye kitambaa cheusi, akafungua kifungo, akakifunga, akaurudisha.

"Hiki kidogo mno," alisema. "Nataka chenye kulabu kubwa. Kinachofungika bila kuona."

Sonara alisukuma kioo chake cha jicho hadi kwenye paji la uso. "Mzee wangu, wenzako huja hapa kuchagua mkufu. Wewe umekuja kuchagua kifungo?"

"Mzoee tu," mke wa mzee akasema. "Hata mimi alinichagua kwa kisigino."

Sonara akacheka. Mzee hakucheka. Akavuta mkufu mwingine.

Mke wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkono ubavuni, pale palipokuwa pakimuuma tangu mvua zilipoanza. Alijua kwa nini wako katika duka hili. Mume wake ni mtu wa kuzima taa watu wakiwa bado wanakula. Mtu wa namna hiyo haamki tu akanunua dhahabu.

Jana, hospitalini, mke aligoma kutolewa damu. Sindano humtia kizunguzungu tangu utotoni. Mzee akakunja mkono wa shati, akakaa kwenye kiti kabla yake.

"Nianze mimi, binti yangu," alimwambia muuguzi. "Huyu aone kwamba watu hawafi."

"Na wewe mzee una maneno! Haya, lete mkono."

Alipomaliza, mzee akamwonyesha mke wake plasta kama mtoto aliyepewa peremende. Ndipo naye akatoa mkono, macho ameyafumba.

Leo asubuhi daktari akamwita mzee peke yake. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa anatabasamu kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Tumbo tu," alisema. "Utameza vidonge, basi. Wewe ni chuma, mama watoto. Sasa twende tuuone mji."

Hakumwamini. Daktari haiti mume wa mtu faragha kwa ajili ya vidonge vya tumbo. Lakini alimwacha. Kama mzee ameamua kuubeba mzigo ule peke yake kwa siku moja, basi aubebe, naye atatembea pembeni yake kama asiyejua kitu.

Wakapanda lifti ya jengo refu kuliko yote mjini mpaka masikio yakaziba. Huko juu mke akaegemea kioo cha dirisha, akatafuta kwa kidole.

"Ile hospitali ile. Kumbe ni ndogo hivyo."

"Ndogo kabisa," mzee akasema, akaangalia upande mwingine.

Kwenye ngazi za daraja mzee alikuwa akisimama kila mara. "Hebu tuutazame mto kwanza." Alimwelewa. Alikuwa anampa nafasi ya kupumua bila kumwaibisha. Yeye hakuwa amechoka, lakini alisimama naye, akautazama mto.

Bustanini walikaa karibu na chemchemi, maji yakiwarushia matone. Hapo moyo ukamshinda mke kidogo.

"Soksi zako ziko droo ya chini," alisema. "Blanketi zito liko juu ya kabati, nyuma ya sanduku. Na usiwe unakula mkate mkavu eti umeshiba."

"Mbona unanitembeza nyumbani kwangu?"

"Nakukumbusha. Wewe hata chumvi hujui iko wapi."

"Najua. Iko kwako."

Wakacheka. Kisha kila mmoja akageukia maji.

Zamani alikuwa na mkufu wa arusi, mwembamba, na kifungo kidogo kama jicho la sisimizi. Hakuwahi kukiweza. Kila walipotoka, mzee alisimama nyuma yake, pumzi yake ikimtekenya kisogoni. "Tulia wewe, hufungwi pingu," alikuwa akimwambia. Mkufu ukaja kupotea katika pilikapilika za siku binti yao alipoolewa. Mzee akaahidi kununua mwingine, na tangu hapo hakuutaja tena. Mpaka leo.

Dukani, sonara alirudi na mkufu kutoka chumba cha nyuma. "Nimekubadilishia kifungo, mzee. Kulabu kubwa. Hapa hata kipofu anafunga."

Mzee akakijaribu, akaridhika. Mke wake akasimama mbele ya kioo, akainua kilemba nyuma kama alivyozoea, akainamisha shingo. Akasubiri ile pumzi.

Haikuja. Mzee alimwekea mkufu kiganjani.

"Funga."

"Nifunge nini? Si wewe upo?"

"Vidole vyangu vizito siku hizi. Funga, nione."

Akajaribu. Kulabu ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza. Sonara alinyoosha mkono kumsaidia.

"Mwache," mzee akasema, kwa ukali uliomshtua hata yeye mwenyewe. Kisha polepole: "Mwache, ndugu yangu. Ataweza."

Safari hii ikashika. Mkufu ukatulia shingoni, na sonara akapiga makofi.

"Fungua," mzee akasema. "Funga tena."

Akainua macho kwenye kioo ili amtanie. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, mahali pake pa siku zote, mkono mmoja umeshika ukingo wa kabati kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Mkono wa shati ulikuwa bado umekunjwa, plasta ya jana bado ipo. Hakuwa anautazama mkufu. Alikuwa anatazama vidole vya mke wake.

Utani ukafia mdomoni.

"Baba watoto," akasema, "daktari alikuita kwa damu ya nani?"

"Tena, mama watoto," mzee akasema. "Mara moja tu tena. Bila kuangalia kioo."